Utakatifu wa Nyumba ya Wegesa

Bunda,
12 Mei 2024

Mama yangu Nyangi,

Shikamoo mama. Barua hii naomba uisome ukiwa peke yako, ikiwezekana shambani. Najua utacheka, mtu ana simu mfukoni anaandika barua kama wazee wa zamani. Lakini simu yako ile tangu itumbukie kwenye ndoo haisikiki mpaka uweke sauti ya wote, na ukiweka sauti ya wote Bibi Wegesa yuko hapo hapo kwenye kigoda chake, anajibu kabla yako. Leo nina maneno ambayo sitaki ayajibu yeye. Ndiyo maana barua nimempa mama Kwangu, jirani yetu, maana kila wiki yupo hapa sokoni na karanga zake.

Kwanza furaha. Wazazi wa Esta wamekubali tarehe. Tunafunga ndoa 29 Juni, ibada Buhare, sherehe Musoma mjini. Kamati imeshaundwa na suti inashonwa na Abdulnasir, yule fundi wa hapa stendi.

Pili, mchungaji amenipa darasa la kipaimara, maana mwalimu wao amehama. Nimeanza na neno takatifu, kwa sababu watoto wanaliimba kila Jumapili na hawajui wanaimba nini. Mmoja akaniambia mtakatifu ni mtu aliyekwisha kufa. Binti mmoja akasema kwao baba akirudi amechelewa mama anamwambia, "Karibu, mtakatifu." Darasa likavunjika kwa kicheko. Nikawaeleza kwamba neno lenyewe limetokana na kutakata, yaani kuwa safi kabisa, kama shuka iliyosuuzwa ikaanikwa, kama anga baada ya mvua. Hata Abdulnasir nilimuuliza wakati ananipima mabega. Akasema wao husema Kurani Tukufu, Mwezi Mtukufu, na kitu kikishawekwa wakfu hakirudi tena mkononi mwa aliyekitoa. Nilipenda sana somo hilo, mama. Nililala nikilifikiria.

Sasa ndiyo hapo. Mchungaji ametuambia mimi na Esta kwamba hii ni ndoa takatifu, na yote yaliyoko nyuma yetu yatakate kwanza. Na mimi nyuma yangu unapajua. Nitawaambia nini watu wa Buhare? Kwamba mama yangu alioa... hapana, aliolewa na mwanamke? Kwamba mwanamke asiye na mtoto alitoa ng'ombe, akachukua msichana wa miaka kumi na sita amzalie? Hiyo mnayoiita nyumba ntobhu haikuwa ndoa, mama, ilikuwa biashara ya babu, na wewe ndiye uliyeumizwa. Esta na wazazi wake nimewaambia baba yangu tulipotezana nikiwa mdogo, na Wegesa ni bibi yangu tu. Si uongo mkubwa.

Kwa hiyo naomba Bibi asije. Sema ni mguu wake. Hata wewe unajua ule mguu hauwezi safari ya Musoma. Nafanya hivi kukutetea wewe, mama, usione vibaya.

Mwanao,
Paschal


Butiama,
19 Mei 2024

Wewe Paschal,

Marahaba. Barua nimeisoma shambani kama ulivyoagiza, nimekaa juu ya tuta la viazi. Nilipomaliza sikuinuka. Wegesa akaanza kuniita kutoka uani kama anayeita mbuzi, Nyangi we, Nyangi we, mpaka majirani wakaanza kumsaidia kuniita.

Umenitetea kwa nani? Nani alikushtakia?

Sitakudanganya kwamba ilikuwa sukari. Nililia. Baba yangu alitaka ng'ombe na Wegesa alikuwa nazo, na mimi nilikuwa msichana, basi. Mwaka wa kwanza sikumsemesha. Nilikuwaga namwekea chakula chini kama mbwa, naondoka. Yeye anakula, anaosha sahani mwenyewe, anasema asante. Hakunipiga hata siku moja, na wenzangu waliopewa waume wenye ndevu walikuwaga wanakuja kwangu kuniazima kanga za kufunika makovu. Hiyo mbona huiandiki?

Halafu ukazaliwa wewe, ukabaki peke yako, maana ndugu zako hawakukaa duniani. Wegesa alikubeba mgongoni yeye, si mimi, mimi nilikuwa nimelazwa. Ulipokuwa darasa la tatu mwalimu alisema kwenye mkutano baba wa Paschal asimame. Akasimama yeye na gauni lake la maua. Watu wakacheka. Akabaki amesimama mpaka walipochoka kucheka, ndiyo akaongea. Na wewe ulirudi nyumbani unanirukia, "Mama, baba yangu ni mrefu kuliko wa wenzangu wote!" Umesahau. Mimi sijasahau.

Hiyo takatifu yako ni ya wafua nguo. Hapa mtaani mtakatifu ni tusi, Kwangu akiona mtu amevaa shati jeupe huku anakwepa kuchangia msiba, husema, "Mwacheni, huyo ni mtakatifu." Na kule kilimani penye misambwa, walipo wazee wetu wa kale, umepaona mwenyewe. Hapafagiliwi. Kuna mavi ya nyani na majani yameoza, na hakuna mtu wa Butiama anayethubutu kukata hata fito moja. Usafi uko wapi pale? Panaogopwa kwa sababu pana mwenyewe. Na wewe una mwenyewe, Paschal. Ukipenda, usipende.

Tena Wegesa hajui kusoma ila macho anayo. Ng'ombe wa mahari ya Esta walitoka zizini kwa nani? Kila asubuhi ananiuliza, mtoto anaoa lini? Namwambia bado hawajapanga. Mimi, na umri wangu huu, umenifanya mwongo nyumbani kwangu.

Mwambie Esta ukweli. Asipokutaka kwa ajili ya Wegesa, basi hakukutaka.

Ni mimi mama yako,
Nyangi


Bunda,
2 Juni 2024

Mama,

Shikamoo. Usikasirike, soma mpaka mwisho.

Nimempata baba.

Mjomba Mugeta ndiye aliyeniambia jina, nilimbana mpaka akasema. Gibson, aliyekuwa dereva wa lori la pamba huko nyumbani miaka ile. Sasa ana duka la vifaa vya ujenzi Bweri na ni mzee wa kanisa. Nilikwenda na bodaboda kutoka mjini. Nikaingia dukani, nikamkuta anapima misumari kwenye mzani. Akainua uso. Mama, nina pua yake! Hata mteja aliyekuwepo alituangalia akasema, "Mzee, huyu ni wako." Tulilia wote wawili pale kwenye mifuko ya saruji.

Jumapili iliyopita nilitoa ushuhuda kanisani Buhare. Nilisema nilikuwa sina baba, na Mungu amenipa. Kanisa zima likapiga vigelegele, baba yake Esta akanikumbatia, mchungaji akasema huyu ndiye Mungu anayetakasa hata yaliyopita. Wewe hujui ilivyo kusimama mbele za watu na hakuna anayenong'ona juu yako. Tangu shule nimeishi na minong'ono. Paschal Wegesa, yule ambaye baba yake anavaa gauni. Nilipokuwa darasa la tatu nilijivunia, sawa. Nilipofika la saba nilikuwa napigana kila wiki, na hilo sikuwahi kukwambia.

Kwa hiyo Gibson atakaa meza kuu kama baba. Na wewe ukae pembeni yake, mama. Nimekununulia kitenge, kipo kwenye mfuko huu. Siku moja tu, kwa ajili yangu.

Bibi nitakuja kumsalimia baada ya harusi.

Mwanao,
Paschal


Butiama,
9 Juni 2024

Paschal,

Pua! Pua ndiyo iliyokupeleka chuo cha ualimu?

Gibson alikuja hapa kwa makubaliano ya mtoto tu. Alikunywa pombe ya Wegesa, akaapa mbele ya wazee kwamba atakachoacha nyumba hii hatakiulizia. Na hakukiulizia. Ulipougua surua hakuulizia, ulipofeli ukarudia mtihani hakuulizia. Sasa umekua, una kazi, una suti, analia kwenye saruji. Na mimi leo ndiyo mmeona nikae pembeni yake kama mke wake! Kitenge chako nimempa Kwangu.

Nisikilize vizuri. Kama Wegesa si baba yako, mimi nilikuwa nini hapa miaka yote hii? Nilikuwa kijakazi? Nilikuwa malaya wa dereva? Jibu hilo siku ukipata nafasi kwenye masomo yako ya kutakata.

Siji. Ila Wegesa nimemwambia tarehe, nimeshindwa kuendelea kumdanganya. Gibson sijamtaja. Alifurahi mpaka akaimba. Mguu haumwezeshi, kwa hiyo anatuma kigoda. Unajua taratibu za nyumba yetu, ulishachapwa kwa ajili yake: mwenye nyumba akishindwa kwenda mahali, kigoda chake kinakwenda, kinawekwa mahali pake, na hakuna anayekalia. Akikalia mtu mwingine, maana yake mwenye nyumba amekufa na huyu ndiye mrithi. Hata mkuu wa wilaya akija hapa anakaa benchi.

Mugeta atakuletea. Kiweke mahali pa baba, kibaki wazi. Gibson akae kiti cha plastiki, akae sofa, akae popote apendapo. Sikuombi umtangaze Wegesa, sikuombi umtaje. Watu wakiuliza waambie ni urembo. Kibaki wazi tu. Siku nzima amekaa mlangoni anakipaka mafuta kwa kitambaa ili kisikuaibishe.

Nyangi


Butiama,
7 Julai 2024

Anayesema ni Wegesa, anayeandika ni Nyangi.

Mjukuu wangu, mwanangu, sijui nikuiteje sasa.

Nimekuona kwenye simu ya Kwangu. Alikuja mbio kunionesha, maskini, alidhani ananiletea furaha. Suti imekukaa vizuri. Mke ni mzuri, anacheka kwa macho, huyo usimpige. Nikasema Kwangu endelea, bado sijakiona kigoda changu. Kwangu akasogeza kwa kidole. Nikakiona kimepambwa maua, na mwanamume amekaa juu yake anakula keki. Mtu wa kipaza sauti anasema baba mzazi amekalia kiti cha asili, na watu wanapiga makofi. Na wewe upo hapo pembeni yake, unatabasamu.

Nakuuliza, mimi nilikufa lini? Niambie siku. Maana watu wa hapa hawajui, hakuna aliyeleta hata unga wa msiba.

Mugeta amekirudisha. Nimemwambia akiache chini ya mti, kisiingie ndani. Mimi nakaa chini kwenye ngozi. Kwangu analia kila akipita, namwambia usilie, wewe hukukosa.

Sikulaani. Mtoto halaaniwi na mtu aliyemfuta kamasi. Na wala sikukatazi Gibson, nenda kamsalimie, mle naye. Ninachotaka kujua ni kimoja, ulikuwa unaniona? Wakati anakaa, ulikuwa unaniona mimi, au ulikuwa unaona mti?

Wegesa

Hapo juu ni maneno yake, sikuongeza hata moja. Ya kwangu siandiki, karatasi itaungua.
N.


Bunda,
15 Julai 2024

Mama,

Shikamoo wewe na Bibi.

Ngoja nieleze ilivyokuwa, maana video haielezi. Kigoda nilikiweka nyuma, karibu na maspika, nimekifunika. Wapambaji wakakifunua, wakakipenda, wakakipeleka meza kuu. Mimi nilikuwa bado kwenye gari na Esta. Nilipoingia nilikikuta na maua. Nikasema moyoni, sawa, kipo mahali pake, kiko wazi, mama atafurahi. Halafu mshereheshaji akamwita Mzee Gibson aje akalie, kwa sababu alikuwa analalamika kiti cha plastiki kinamuumiza mgongo.

Nilikuwa naweza kunyanyua mkono. Nakiri. Lakini kwa kusema nini? Watu zaidi ya mia mbili, baba mkwe anapiga makofi, mchungaji anacheka, mimi ninyanyuke niseme msikae hapo, hicho ni cha baba yangu? Yupi? Nilikuwa nimeshawaambia baba ni huyu. Nikanyamaza. Na baada ya kunyamaza ikabidi nitabasamu.

Mama, lakini tuseme kweli. Ni mti. Mti umechongwa, una miguu mitatu. Utakatifu hauko kwenye mti, uko moyoni, na moyoni mwangu Bibi yupo. Ndivyo ninavyowafundisha watoto na ndivyo ninavyoamini. Kama kuna kosa ni la mila inayomfanya mtu mzima akae chini na mguu wake mbovu kwa ajili ya stuli.

Mwambie Bibi nitamnunulia kiti cha kuegemea, kile chenye mto, nimekiona hapa Bunda. Tutakuja wote wawili Desemba shule zikifungwa. Sasa hivi darasa la saba wana mtihani mbele yao, siwezi kutoka.

Msinihukumu hivyo. Na mimi nina moyo.

Paschal


Bunda,
4 Agosti 2024

Kwa mama mkwe wangu,

Shikamoo mama. Jina langu ni Esta, mke wa Paschal. Najua mgeni hatangulizi barua mahali ambapo hajatangulia kuingia, lakini nimeshindwa kuvumilia.

Juzi nilikuwa sokoni nanunua karanga. Yule mama akanitazama sana, akaniuliza, "Si wewe ndiye mke wa mtoto wa Wegesa?" Nikamwambia mimi ni mke wa Paschal, mtoto wa Mzee Gibson wa Bweri. Akakunja uso, akaniwekea karanga zangu, akakataa hela. Nikamwomba aniambie nimekosea nini. Ndipo akanieleza, tumesimama pale pale, watu wanatupita na mizigo.

Nilirudi nyumbani nikamuuliza Paschal. Aliacha chai ikapoa, halafu akasema yote.

Mama, kwa nini hakuniambia? Shangazi mkubwa wa mama yangu, kule Kiabakari, alikuwa na mke. Tulikuwa tukienda likizo tunalala kwao, tukimwita yule mke bibi mdogo, na watoto wao ni wajomba zangu, mmoja ndiye aliyeongoza msafara wa gari siku ya harusi yetu! Baba yangu anajua habari hizo vizuri kuliko mimi. Nilipompigia akasema, "Yaani ng'ombe wale niliowapokea walitoka kwa huyo mama, na mimi nikampigia makofi mtu mwingine?" Hajala vizuri tangu siku hiyo. Anasema amemdharau mtu bila kujua, na hilo kwao Suguti ni kosa la kwenda kuombea radhi na mbuzi.

Na mimi nilimshika mkono Mzee Gibson nikamwinua kwenye kile kiti, nikasema, "Karibu tucheze, baba." Kila nikikumbuka nasikia aibu mpaka masikioni.

Nilitaka kuja wiki hii hii. Paschal amesema Desemba, twende pamoja, na kweli mwali hawezi kuvuka mlango wa ukweni mara ya kwanza bila mumewe. Namsumbua kila siku. Nadhani anaogopa uso wa Bibi.

Mwambie Bibi Wegesa anisubiri. Nataka anitemee mate ya baraka yeye, si mwingine.

Mkweo mtiifu,
Esta


Butiama,
22 Septemba 2024

Paschal,

Wegesa amekufa Jumanne. Tumemzika Alhamisi.

Utasema mbona hukuambiwa. Nitakwambia mbona.

Barua ya Esta nilimsomea jioni amekaa kwenye ngozi yake. Akataka nirudie. Nilipomaliza akacheka, kile kicheko chake cha puani, akasema, "Huyu ana akili, huyu ni wa kwetu." Akaniuliza Desemba ni kabla ya mvua au baada. Nikamwambia mvua zikiwa zimeshika. Akasema ni mbali. Lakini kuanzia hapo alibadilika, Paschal, alianza kula. Akamwambia Mugeta arudishe kigoda ndani, akakipangusa mwenyewe, akasema mtoto ni mtoto, alikuwa ameshikwa na aibu tu, na aibu ni ugonjwa, humchapi mtu kwa ugonjwa. Alikusamehe. Hilo nakwambia kwa sababu ni haki yake wewe ulijue. Yeye alisamehe na mimi sikusamehe.

Mguu ukaoza. Hospitali wakasema tumechelewa. Tukarudi naye. Siku alipoanza homa kali aliniambia, "Mpigie mtoto aje, na mke wake." Nikachukua simu, nikaenda nyuma ya nyumba, nikakaa juu ya kinu. Nikaiangalia namba yako. Nikakumbuka ulivyotabasamu. Nikarudi ndani nikamwambia nimekupigia, uko njiani.

Kwangu naye alitaka kupiga, nikamwambia mimi nimeshapiga. Basi kila gari lililopita barabarani Wegesa aliinua kichwa. Bodaboda zikipita aliinua kichwa. Ananiuliza, "Ndiye?" Nasema bado, watakuwa Nyamuswa sasa. Mwisho akawa hawezi kuinua kichwa, anainua kidole.

Msibani katekista akaja na kalamu kuandika wasifu wa marehemu. Amezaliwa lini, nikasema. Amesali wapi, nikasema. Ameacha watoto wangapi? Nikamwambia andika hakuacha mtoto. Mugeta akanivuta mkono. Wazee wakanyanyuka, wakaniita pembeni, Nyangi una kichaa? Paschal je? Nikawaambia Paschal amepata baba yake huko Musoma, alisema mwenyewe kanisani na watu wakapiga vigelegele, mwombeni Kwangu awaoneshe kwenye simu. Walitazama wote, wazee wale, wakipokezana. Mama wa nyumba nikisema hana mtoto, na mtoto mwenyewe kasema hivyo hivyo, wao wataongeza nini?

Ikasomwa mbele ya watu. Marehemu hakuacha mtoto. Na asiye na mtoto kwetu hazikwi uani, unajua anapozikwa. Wakambeba wakamtoa kwa nyuma, nje ya uzio, walipozikwa wagumba.

Alitoa ng'ombe zake zote, ujana wake wote, asizikwe pale. Alininunua mimi nikilia ili asizikwe pale. Na mimi ndiye niliyemweka pale. Mila ya kigoda uliivunja wewe kwa kunyamaza. Hii nyingine nimeivunja mimi kwa mdomo wangu, na ni kubwa kuliko ya kwako, wala hakuna mbuzi wa kuitengeneza. Nimemkosea Wegesa ili wewe uumie. Nalijua, silitafutii neno zuri. Nimeamka nalo leo na kesho nitaamka nalo.

Nilikuwa naweza kusema kitu kimoja tu pale, jina lako, na wangemzika kama mtu. Na mimi nilinyamaza. Tumefanana, mwanangu. Pua umechukua ya Gibson, hili la kunyamaza ni langu.

Esta mpe pole. Yeye amefiwa. Akitaka kuja aje, mlango uko wazi, nitampokea na kumwonesha kaburi.

Wewe usije. Na usinyoe nywele. Kwetu mtu ananyoa akifiwa na baba, na wa kwako ni mzima, yuko Bweri anauza misumari. Watu wakikupa pole hapo stendi, wakatalie.

Mjane wa Wegesa,
Nyangi